Karani Anayeuliza Viti Vinalala Wapi

"Dada yangu, hebu nieleweshe. Bima si ahadi tu? Sasa na ahadi inatozwa kodi ya mauzo, kwani imeuzwa soko gani?"

Swali hilo karani aliulizwa na jirani yake, fundi baiskeli, miaka kadhaa iliyopita, wakiwa kwenye foleni ya maji. Alicheka, akajaza ndoo yake, akajitwika, akaenda zake. Hakuwa na jibu fupi. Mpaka leo hana, ila anajua pa kuanzia.

Anaanzia kwenye viti.

Ni saa moja na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi. Mvua imeacha madimbwi mlangoni mwa ghala na mlinzi ameweka ubao wa kuvukia. Karani anasimama kwenye ubao huo kwa mguu mmoja, anavua viatu vya ofisini, anavitia kwenye mfuko wa nailoni, anavaa ndala. Anamtaja Mungu kwa sauti ndogo, kisha anaingia.

Ndani kuna harufu ya plastiki na vumbi lililoloa. Viti vimepandana safu kwa safu, hamsini kwa kila mnara, vingine vimekaribia kugusa mabati. Karani anapita katikati yake upandeupande kama mtu anayepita kati ya wagonjwa, kila mnara anaugusa kwa kiganja kabla ya kuandika. Mkono kwanza, kalamu baadaye. Ndivyo alivyofundishwa.

Ana miaka hamsini na miwili. Hana hata kiti kimoja katika hivyo. Yeye ni karani wa wakala wa bima, na watu wa ofisini wamekwisha kusahau jina lake. Wanamwita Bi Mafungu.

Viti ni vya kampuni inayokodisha mahema, meza, viti na majenereta kwa wenye harusi, wenye misiba na wenye mikutano. Kampuni ina maghala matatu katika majimbo matatu: hili la hapa mjini, la pili ng'ambo ya daraja, na la tatu huko milimani, mwendo wa saa tano kwa lori. Lakini bima yake ni moja. Mwenye mali amesaini karatasi moja, analipa ada moja kwa mwaka, na vyote vimo humo.

Hapo ndipo kazi ya Bi Mafungu inapoanza.

"Ukinunua sabuni, kodi unalipa palepale dukani, mambo yamekwisha," anasema, huku jicho likiwa kwenye safu ya saba. "Bima si sabuni. Karatasi tunaisaini mjini, lakini hatari yenyewe iko wapi? Moto ukija, utachoma wapi? Maji yakipanda, yataingia ghala gani? Huko ndiko kodi inakotakiwa."

Jimbo la huku linatoza kodi ya mauzo nane kwa mia kwenye ada ya bima ya biashara. Ng'ambo wanatoza tatu kwa mia. Milimani hawatozi kitu. Kwa hiyo ada ile moja inakatwa mafungu matatu kwa kadiri ya mali iliyoko kila upande, na kila jimbo linatoza fungu lake tu. Mwisho karani anasaini chini ya mgawanyo kwamba ameona kwa macho yake.

"Nyumba haina shida, haitembei," anasema. "Mtu akiwa na hoteli tatu, hata mtoto wa shule atamgawia. Shida ni vitu vyenye miguu."

Anapiga kiti kofi. "Na hivi vina minne minne."

Sheria inasema kitu kinachohama kihesabiwe mahali kinapokaa kwa kawaida. Maneno hayo yalimsumbua sana mwanzoni, kwa sababu kiti cha kukodi hakina kawaida. Jumamosi kiko harusini, Jumatatu kiko msibani, Jumatano kiko juu ya lori. Akaamua kuuliza kwa namna yake: vinalala wapi?

"Mtu mzima humuulizi mchana kashinda wapi," anaeleza. "Unauliza analala kwa nani."

Mlinzi, mzee mwenye koti la mvua lililochanika bega, anacheka mpaka anakohoa. "Mama, swali hilo limevunja ndoa za watu."

"Ndiyo maana naviuliza viti, siwaulizi waume."

Alianza kazi katika ofisi ile miaka kumi na tisa iliyopita, akifagia na kuchemsha chai. Shule aliiacha kidato cha pili baba yake alipofariki. Karani wa zamani, mzee mwenye mikono iliyokuwa ikitetemeka, alimwona siku moja akisoma karatasi aliyoitoa kwenye pipa la taka, akamwambia, "Binti, kama unasoma takataka zangu, basi kaa nikusomeshe zilizo nzima." Ilimchukua miaka minane kutoka kwenye ufagio hadi kwenye meza.

Mezani amekaa miaka kumi na mmoja sasa, na miaka yote hiyo ni kibarua. Mkataba wake ni wa miezi sita, ukiisha anasaini mwingine. Amesaini ishirini na miwili. Ameitunza yote ndani ya bati la biskuti, chini ya kitanda.

Ukimuuliza mshahara anatabasamu. "Ni kama mgeni wa mchana. Hata kiti hujampa, anaaga." Theluthi inakwenda kwa mwenye nyumba. Nusu ya kinachobaki ni chakula. Kilichosalia ni nauli na dawa.

Dawa ni za mdogo wake. Wanaishi wawili katika vyumba viwili vinavyotazamana na karakana ya useremala. Huyo mdogo mtu ni mshonaji, na kwa miaka minne sasa mtoto wa jicho anamfunika macho yote mawili, la kulia zaidi. Mshono anaufuata kwa ncha za vidole. Kitambaa cheusi amekwisha kukikataa, haoni uzi unapopita.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Bi Mafungu anamtungia sindano kumi na mbili, sita za uzi mweupe na sita za rangi, anazichomeka kwenye kipande cha sponji. Zikiisha kabla ya jioni, mdogo mtu anamwita fundi baiskeli aje amtungie, naye anakuja na mikono ya grisi, na shuka la mteja linapata doa.

Hospitali walimwambia jicho hilo linapasulika kwa nusu saa tu. Wakamwambia na bei, naye akarudi nyumbani.

Ofisi ya bima ina mpango wa matibabu kwa wafanyakazi wake na mtegemezi mmoja. Mpango huo ni wa walioajiriwa moja kwa moja. Vibarua hawamo. Kwa hiyo mwanamke anayekata mafungu ya bima ya matajiri, nyumbani kwake hakuna bima hata ya kidonda. Kinyozi hajinyoi.

Mwanzoni mwa mwaka huu meneja alimwita. Meneja ni mwanamke kijana, wa umri wa kuweza kuwa bintiye, na humwita mama hata akiwa amekasirika. Akamwonyesha barua ya ajira ya kudumu, imekwisha kupigwa chapa, imebaki sahihi.

"Tumalize kwanza bima ya mahema, mama," alimwambia. "Mzee wa Mahema akisaini mwaka mpya, na mimi nasaini hii siku hiyohiyo."

Mzee wa Mahema ndiye mwenye viti. Peke yake ni robo ya kazi yote ya ofisi hiyo.

Hayo yalikuwa yamepangwa vizuri. Halafu ikanyesha mvua.

Wiki nne zilizopita, Bi Mafungu alifika ghalani kufanya hesabu ya mwaka, mvua ikamkamata humo. Mlinzi alikuwa amekwenda kufunga geti. Akavuta kiti cha chini katika mnara uliokuwa umepungua, akakigeuza kukipangusa vumbi ili akae.

Chini ya kiti palikuwa na nyumba ya nyigu.

Ilikuwa ya udongo, ngumu, kubwa kama ngumi ya mtoto, na pembeni yake nyingine kuukuu iliyotoboka, nyigu wake wamekwisha kukua na kuruka. Bi Mafungu aliishika, akaigonga kwa ukucha. Nyigu hajengi juu ya kitu kinachosafiri. Hiki kilikuwa hakijatikisika msimu mzima, pengine miwili.

Kisha akaona alama ya rangi. Bluu.

Hapa lazima msomaji aelezwe habari ya rangi. Kila ghala la kampuni hii hupaka alama chini ya viti vyake: la mjini nyekundu, la ng'ambo bluu, la milimani kijani. Karani wa zamani alipomrithisha kazi alimwambia, "Viti huvikuti nyumbani, viko kwenye shughuli za watu. Wewe hesabu rangi. Rangi haidanganyi." Basi kwa miaka mitatu, tangu kampuni hii ilipoingia kwao, Bi Mafungu alipita maghala yote matatu akigeuza viti na kuhesabu rangi. Chenye bluu alikiandika ng'ambo, popote alipokikuta. Aliamini kuwa kiko njiani kurudi kwao.

Akageuza kiti cha pili. Bluu, na utando wa buibui. Akaenda safu ya nyuma. Bluu tena.

Mlinzi aliporudi, alimkuta amechuchumaa sakafuni na viti vimepinduliwa kumzunguka, miguu juu.

"Mama, umepoteza nini?"

"Baba, hivi viti vya bluu vinaondoka lini?"

"Hivyo? Vinaondoka kwenda kwenye shughuli za hapa mjini, vinarudi hapahapa. Hivi vya nyuma havitoki kabisa. Tangu mke wangu amejifungua yule wa mwisho havijavuka daraja."

"Na wa mwisho ana umri gani?"

"Ameanza shule."

Sababu yake ni ndogo kabisa, kama zilivyo sababu nyingi. Ushuru wa daraja dereva anautoa mfukoni mwake, mpaka mwisho wa mwezi ndipo arudishiwe. Kwa hiyo shughuli ikiisha, anashusha viti ghala la karibu. Viti vilikuwa vinahama kidogo kidogo, wiki kwa wiki, bila mtu kuamua. Rangi ilikuwa inaeleza vilinunuliwa kwa ajili ya wapi. Bi Mafungu alikuwa akiisoma kana kwamba inaeleza vinakaa wapi.

Mlinzi alikuwa na daftari la vinavyoingia na kutoka. Bi Mafungu alilisoma palepale, amesimama, mpaka mvua ikakatika. Wiki iliyofuata akapanda basi kwenda ng'ambo kusoma daftari la huko, na iliyofuata akaenda milimani.

Viti vyote ni elfu sita. Kwenye karatasi aliyoisaini miaka mitatu mfululizo, vya mjini vilikuwa elfu moja na mia nane, na vilivyobaki vilikuwa vya ng'ambo na milimani, kwenye kodi ndogo na kusiko na kodi. Kwa kuhesabu vinapolala, vya mjini ni elfu nne na mia moja.

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Ofisi ya mapato haikuwa imeuliza, wala mteja, wala meneja. Alikuwa anajua yeye, na mlinzi asiyejua kwamba anajua.

Siku ya ibada, baada ya kurudi, alimwambia mdogo wake. Walikuwa wanachambua mchele.

"Nani mwingine anayejua?" mdogo mtu aliuliza.

"Nyigu."

"Basi hakuna." Akaendelea kuchambua kwa vidole, taratibu, kwa sababu mawe madogo hayaoni. "Dada, funika kombe mwanaharamu apite. Saini kama mwaka jana. Upewe barua yako. Mwakani nenda ukavikute hivyo viti upya, ushangae kama vile ndiyo kwanza umeviona."

"Na vikiungua mwaka huu?"

"Vimekaa miaka mitatu havikuungua, vitakuja kuungua mwaka huu unaonipasua mimi macho? Vina chuki na mimi?"

Bi Mafungu aliinuka na sinia, akaenda kuosha mchele. Mdogo wake hakulirudia jambo hilo. Kesho yake asubuhi alinyoosha mkono kupokea sponji la sindano kama kawaida, akasema asante dada.

"Hakununa," anakumbuka Bi Mafungu. "Angenuna ingekuwa nafuu yangu."

Anasema siku nne hakupata usingizi mzuri. Aliomba, na hakupata jibu lolote zaidi ya lile alilokuwa nalo. Siku ya tano akagonga mlango wa meneja kabla hajafungua kompyuta.

"Mama, miaka mitatu?"

"Mitatu, bosi."

"Kwa kuhesabu rangi?"

"Kwa rangi."

Meneja alivua miwani akaiweka juu ya meza. Nje ya kioo, wenzake Bi Mafungu walimwona ameshika paji la uso.

"Ungeniambia mwezi ujao ningekushukuru zaidi," alisema. Kisha akafungua droo, akaitia ndani ile barua ya ajira iliyokuwa mezani. "Karani aliyekosea miaka mitatu siwezi kumwajiri wiki ileile aliyokiri. Wakubwa watanicheka. Hii itangoja. Nakupa miezi sita mingine, nikuone. Lakini hata hiyo ni kama Mzee wa Mahema atabaki na sisi. Akiondoka, robo ya kazi imeondoka, na wa kwanza kupungua ni vibarua. Unanielewa, mama?"

"Nakuelewa."

"Na habari hiyo utampa wewe mwenyewe. Mimi nitakaa pale nisikilize."

Siku yenyewe ndiyo hii Alhamisi. Bi Mafungu amekuja ghalani asubuhi kuhakiki mara ya mwisho, maana anasema hawezi kumwambia mtu mzima habari za mali yake kwa hesabu ya wiki iliyopita. Saa nne kasoro anamaliza safu ya mwisho. Zimeongezeka safu mbili tangu wiki iliyopita, mlinzi anasema zimetoka kwenye msiba wa hapahapa mjini, nazo zimo tayari katika hesabu ya daftari. Anaandika, anavaa viatu vya ofisini, anavuka ubao.

Ofisi ya wakala ina chumba kimoja cha mbele chenye meza tano, feni inayolia kila inapogeukia ukutani, na benchi la wateja lililofunikwa ngozi ya bandia iliyopasuka. Bi Mafungu anakaa kwenye benchi hilo, si mezani kwake. Amebeba jalada la kijani mapajani. Ndani yake mna bima ya mwaka mpya na mgawanyo wake, inangoja sahihi ya mteja, na nyuma yake barua ya kwenda ofisi ya mapato kusahihisha miaka mitatu iliyopita.

Anapoulizwa kama anaogopa, anafikiri kwanza.

"Naogopa, lakini nimekwisha kuhesabu. Woga mbaya ni ule wa kabla ya kuhesabu."

Mipango yake ni ya miezi sita, kama mikataba yake. Akivuka leo, anataka kuandika karatasi moja ya maelezo kwa karani atakayekuja baada yake, kwa mkono, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati: usihesabu rangi, soma daftari la mlinzi. Barua ikitoka mwezi wa kumi na mbili, asubuhi yake anampeleka mdogo wake hospitali, jicho la kulia kwanza. "La kushoto lina adabu kidogo, litangoja. Mimi nataka atunge sindano yake mwenyewe mbele yangu. Hata moja. Zilizobaki naweza kuendelea kumtungia."

Saa sita na dakika kumi, Mzee wa Mahema anaingia. Ni mtu mnene, mwepesi wa miguu, amevaa kofia ya kitambaa na shati lililotoka pasi sasa hivi. Mjini wanasema alianza na viti arobaini vya kuazima, akivisukuma kwa mkokoteni. Anasalimia meza zote tano, kila mtu kwa cheo chake, na kwa Bi Mafungu anafungua mikono.

"Mkata mafungu wangu! Umeshakata? Usinipe kichwa, nipe paja."

"Leo kuna mfupa, bosi. Karibu ukae."

Wanaingia chumba cha kioo. Meneja anakaa pembeni kama alivyosema. Bi Mafungu hakai. Anafungua jalada, analigeuza limwelekee mteja, anaeleza tangu mwanzo: rangi, madaftari, ushuru wa daraja, elfu nne na mia moja. Anaeleza kama anavyoeleza kila kitu, bila haraka, kidole kikifuata mstari.

Uso wa Mzee wa Mahema unafungwa taratibu, kama duka wakati wa jioni.

"Nani kahamisha viti vyangu?"

"Madereva wako. Hawakukusudia."

"Bluu ni vya ng'ambo. Nimevinunua kwa ajili ya ng'ambo. Risiti ninazo."

"Ni kweli, bosi, umevinunua kwa ajili ya ng'ambo. Vinalala huku."

"Kwa hiyo nane kwa mia."

"Nane kwa mia kwa hivyo elfu nne na mia moja. Vya ng'ambo tatu, vya milimani hakuna, kama kawaida."

"Na hii ya nyuma?"

"Hiyo ni ya miaka iliyopita. Tofauti ya kodi inabidi uilipe, ilikuwa ya kwako tangu mwanzo. Faini nimeomba wasikutoze, kwa sababu tumekwenda wenyewe kabla hawajatujia. Nimeandika kosa ni la karani, na jina langu lipo."

"Na wakikataa?"

"Watakuwa wamekataa. Nitakuwa nimeomba."

Mzee wa Mahema anamgeukia meneja. "Mabinti zangu, mawakala wamejaa mji huu. Wananipigia simu kila wiki. Mmoja jana kaniletea keki. Hakuniuliza viti vyangu vinalala wapi, aliniuliza nasaini lini."

Kalamu ya meneja inasimama juu ya karatasi. Hatazami upande wa Bi Mafungu.

"Ni haki yako, bosi," anasema Bi Mafungu. "Ila kabla hujaondoka nikuulize jambo moja. Tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita, mchomeleaji alipanda juu ya ghala la mjini kuziba bati."

"Nilimtuma mimi."

"Cheche zilianguka ndani."

Mzee wa Mahema anakaa wima. "Nani kakwambia?"

"Mlinzi kaandika daftarini. Viti vitatu vimeyeyuka, moto umezimwa kwa ndoo sita."

"Vitatu! Viti vitatu ni nini? Vilifagiliwa vikatupwa."

"Nimevikuta nyuma ya ghala, nikavigeuza. Bluu, vyote vitatu. Safu ile nzima ni bluu, na ya nyuma yake, na ya nyuma ya hiyo." Anaweka kidole kwenye karatasi ya mwaka jana, juu ya sahihi yake mwenyewe. "Hapa nimekuandikia kwamba ghala la mjini lina viti elfu moja na mia nane. Mlinzi angekuwa amekwenda kununua sigara siku ile, vingeungua elfu nne. Wangekulipa hivyo elfu moja na mia nane. Vilivyobaki wangekwambia kaviangalie ng'ambo, ndiko vilikoandikwa."

Feni ya chumba cha mbele inalia, inageuka, inalia tena. Nje ya kioo, watu wa meza tano wanajifanya wanapanga karatasi.

Mzee wa Mahema anavuta jalada karibu. Anasoma mgawanyo mpya kuanzia mstari wa juu, midomo ikicheza. Akifika kwenye elfu nne na mia moja anarudi juu, anasoma tena. Anainua ukurasa, anasoma barua ya ofisi ya mapato, mpaka mwisho, mpaka kwenye jina la karani. Hapo anakaa kidogo.

Ananyoosha mkono bila kuinua macho. Meneja anampa kalamu yake mwenyewe.

Anasaini ya kwanza, ya mwaka mpya. Anafungua ya pili, anaisaini nayo, anaandika tarehe. Anafunika kalamu, anailaza juu ya jalada, analisukuma jalada mpaka mbele ya Bi Mafungu. Kisha anainuka, anaweka sawa kofia yake, anafungua mlango wa kioo na kupita katikati ya zile meza tano, anatoka nje.